Buibui la Marehemu Lanifuata

Kama gazeti la wiki iliyopita lilifungiwa mahamri kabla hujalisoma, habari yenyewe ni hii. Mimi ni mkosha maiti. Wanawake wakifa hapa Mji wa Kale, mimi ndiye niitwaye. Bi Raghad, shoga yangu tangu tukicheza kibe, alifariki kwa maradhi ya moyo, nikamkosha kwa mikono yangu hii. Bintiye wa pekee, Bayan, hakuonekana matangani. Nguo za marehemu ziligawiwa sadaka, isipokuwa buibui lake la kamba, lile la kizamani ambalo wasichana wa leo hawajui hata kulifunga. Hilo nililikunja mwenyewe pamoja na nikabu, glavu na soksi zake, nikalitia sandukuni mwake na kafuri.

Tuliachana pale Marikiti, nilipogeuza kichwa nikaliona buibui lile lile limesimama nyuma yangu. Tena limevaliwa.

Haikuwa mara ya kwanza. Asubuhi kadhaa nilikuwa nimeliona kwa pembe ya jicho, nikijiambia ni uzee. Siku ile lilikuwa karibu. Kwenye pindo niliona kiraka nilichokitia mimi Bi Raghad alipokuwa hai, uzi wa kijani kwa sababu mweusi ulikuwa umeniishia. Chini yake nikabu, glavu nyeusi, soksi nyeusi. Hapana hata kucha ya kuonekana.

Na kafuri. Enyi mnaosoma, macho yangu ni mabovu, lakini pua ya mkosha haidanganyiki na kafuri.

Nikaondoka sokoni, nimesahau ndimu zangu kwa muuzaji. Likaondoka nami. Nikakaza mwendo. Nalo likakaza.

Wajukuu zangu nimewaambia mpaka wamenichoka: ukihisi unafuatwa, ingia dukani. Simama penye watu. Mwite kwa jina mtu unayemjua, useme naye kwa sauti. Usikimbilie mahali patupu.

Siku ile nilifanya kinyume cha yote hayo, na nilikuwa na sababu. Mamangu, aliyenirithisha kazi hii, alinionya kwamba mkosha akifuatwa na harufu ya maiti asiingie nyumba ya mtu, asije akawaachia wenyewe mkosi. Kwa hiyo mimi, badala ya kuwaendea watu, nikawa nawaepuka.

Nikampita Faraj muuza kahawa. "Bi Ummulkheir, karibu kahawa!"

"Leo sina nafasi, mwanangu."

"Wendapi na mbio hizo? Kuna harusi hatukualikwa?"

Nikampita Wanza, fundi wa sare za shule, mlango wake wazi kama siku zote. "Shikamoo, mama!" Nikaitika marahaba bila kusimama, nikakata kona ya kichochoro kinachotokea Ndia Kuu.

Yaani kilichokuwa kikitokea. Nyumba ya mwisho iliporomoka wakati wa mvua, nao wajenzi wameziba njia. Nikajikuta uso kwa uso na mabati, na chini yake lundo la mawe ya ukuta.

Nyuma yangu nyayo zikasimama.

Nikaanza Ayatul Kursi, nikaichanganya. Nikaanza tena, nikaichanganya palepale.

"Kama ni wewe, Raghad," nikasema bila kugeuka, "nilikukosha vizuri. Maji sikukupunguzia, udi sikukunyima. Wataka nini kwangu?"

Buibui likahema. Mimi maiti nawajua, hawahemi.

"Bibi, ni mimi. Bayan."

"Bayan yupi?"

"Bayan wa Raghad. Kwani una mbio hizi za nini, Bibi? Kila siku nakufuata, kila siku wanipotea. Mtu mzima wewe!"

Nikageuka, sijui kwa furaha au kwa hasira. "Mwanangu! Mbona wajivika nguo za marehemu ukanitoa roho?"

"Sina nyingine. Nilitoka kwa Ghassan na gauni la kulalia. Funguo za nyumba ya mama nilikuwa nazo, nikajificha mle. Sandukuni mwake nimekuta haya tu."

Ghassan ni mumewe. Wa ukoo mzuri, ana malori yake Shimanzi, na Ijumaa humkuti nje ya safu ya mbele. Siku ya maziko aliniambia mkewe yuko safarini. Nami nikamwamini, kwa sababu alisema akiwa ameshika tasbihi.

"Safari gani?" Bayan akasema. "Alinifungia chumbani. Kisomo cha mamangu nilikisikia kwa simu yake, ameiweka mlangoni ili nisikie nilie."

"Sasa wanifuata mimi kwa nini?"

"Lazima nitoke kutafuta chakula, na watu wake wako kila kona. Mwanamke akiwa peke yake huulizwa yeye ni nani. Akiwa nyuma ya bibi yake, nani atamuuliza? Nilikuwa naomba tu watu wadhani tumefuatana."

Kumbe! Mimi namkimbia maiti, na mwenzangu amejikinga kwa mgongo wangu asionwe na mtu aliye hai.

"Na yeye Ghassan yuko wapi?"

Bayan akasema kwa sauti ndogo. "Alikuwa Marikiti. Tulipokuwa kwenye watu alikaa mbali. Ulipokata kona huku, nikajua amefurahi."

Hapo ndipo nilipoelewa nilichokifanya. Nimemchukua mtoto wa watu kutoka penye macho ya watu, nikamleta penye mabati.

Na hapo hapo sauti ikapaa kutoka mwanzo wa kichochoro.

"Mwizi! Mwizi huyo! Mwanamume kavaa buibui, anamwibia bibi kizee!"

Ilikuwa sauti ya Ghassan. Sikilizeni werevu wa mtu huyu. Yeye hakumgusa mkewe. Alitaka watu ndio wamfunue Bayan, wamshike, halafu yeye aje kumwokoa.

Neno lile katika mji wetu mwalijua linavyoenda. Kabla sijavuta pumzi, kichochoro kilikuwa kimejaa. Wachukuzi wa Marikiti, vijana wa barazani, waendesha boda wa kule Ngome ya Yesu. Mbele yao kijana mrefu, ameishika helmeti yake kama rungu.

"Mvueni hiyo ninja usoni!"

"Wamezidi hawa! Juzi wamemwibia shangazi yangu vivi hivi!"

"Toka hapo, mama!"

Mmoja akainama akaokota jiwe la ule ukuta ulioporomoka. Mwenziwe naye akaokota.

Ningesema "si mwizi" ningekuwa nimeongeza kelele moja juu ya kelele. Nimekaa na watu wenye misiba miaka yote hii. Anayepiga ukemi humkemei akanyamaza. Wampunguzia sauti yako mpaka alazimike kupunguza yake apate kukusikia.

Nikaketi chini. Chini kabisa, juu ya vumbi, nikanyoosha mguu mmoja kama niko uani kwangu nachambua mchele.

"Kaa nyuma yangu," nikamnong'oneza Bayan. "Mikono magotini, waione. Usikimbie."

Kisha nikasema, si kwa nguvu, "Jamani, mswalieni Mtume."

Kwa sisi watu wa hapa, neno hilo halipitwi. Hata ukiwa umemkaba mtu koo, huna budi uitike. Wakaitika, wengine kwa kunung'unika, na mwenye kuitika mkono wake hushuka wenyewe. Nikalirudia. Wakaitika tena, safari hii pamoja.

Lakini yule mrefu wa helmeti hakuwa wa kuitika. Alikuwa Mkamba, Mkristo, na hasira zake zilikuwa palepale.

"Mama, toka! Sisi tunakusaidia!"

"Naona, mwanangu, na Mungu akulipe. Jina lako nani?"

"Jina la nini sasa?"

"Nikikuomba maji nikuite vipi? We kijana?"

Mtu akacheka huko nyuma. Yule akababaika. "Kioko."

"Kioko, baba, jua lanichoma utosi. Hebu simama hapa unipe kivuli."

Akatazama kushoto na kulia kama aliyeambiwa avue shati. Kisha akasogea, akasimama niliponyooshea kidole. Hakujua nimemweka wapi. Sasa mwenye kurusha jiwe ilibidi lipite kwenye kifua cha Kioko kwanza.

"Lakini mama, huyu ni mwanamume."

"Pengine. Akiwa mwanamume, wewe Kioko utampeleka kituoni, kwa miguu yake, mzima. Akiwa mwanamke, nanyi mmemvua njiani, nani kati yenu atakayekwenda kumtazama babake machoni?"

Mwenye jiwe akawa analigeuzageuza kama mtu anayelipima uzito.

"Tutajuaje basi?"

"Nyumba ya Wanza hiyo hapo. Twaingia wanawake peke yetu, twatazama. Nyinyi kaeni nje, Kioko ashike mlango."

"Mimi?"

"Wewe. Nani mwingine aliyekuja mbele ya wenziwe?"

Akavaa helmeti yake kichwani, sijui kwa nini, labda aliona cheo kimempata. "Haya, rudini nyuma! Mpeni mama njia!"

Tukapita. Bayan alinishika kiuno kwa nyuma, nikimsikia meno yakigongana. Ghassan alikuwa amesimama ukutani, kanzu nyeupe pepe. Alinitabasamia kama tunavyotabasamiana Idi.

"Ingieni, ingieni," Wanza akasema, "lakini msinikanyagie sare za watoto." Akafunga mlango, akamtazama Bayan alipofunua uso. Chini ya jicho palikuwa na rangi ya zambarau iliyoanza kugeuka manjano. Wanza akatoka nje, akashika kiuno.

"Ni mwanamke! Mimi mwenyewe nimeona, na sirudii. Nendeni mkatafute kazi!"

Watu wakaangua kicheko. Mawe nikayasikia yakianguka chini, moja baada ya jingine. Nikamshukuru Mola. Nikadhani yamekwisha.

Ndipo Ghassan akasema, sauti imejaa asali. "Alhamdulillahi. Ndugu zangu, nisameheni, nilidanganyika na hilo buibui. Huyo basi ni mke wangu. Amefiwa na mamake, akili imemruka kidogo. Nimemtafuta mji mzima." Akawatolea simu yake wakaona picha za harusi.

"Masikini."

"Pole, bwana Ghassan."

"Basi ya mume na mke hayo. Tutawanyikeni."

Kioko mwenyewe akabisha mlango, kwa adabu. "Mama, mpe mtu mke wake."

Hivyo ndivyo nilivyoumaliza moto kwa mikono yangu, na baridi iliyobaki ikawa mbaya kuliko moto. Wakiwa na hasira walikuwa tayari kunisikiliza. Walipotulia, wote walikuwa upande wake.

Bayan aliketi juu ya robota la kitambaa. Hakulia. "Bibi," akasema, "akinirudisha leo, wewe ndiye utakayenikosha."

Nimekosha wengi mno kuliona neno hilo ni la mzaha.

Nyumba zetu za kale zina milango ya ndani, ya wanawake kutembeleana bila kutoka njiani. Kwa Wanza mlango huo umezibwa na kabati la nguo. Tukalisukuma sote watatu. Nyuma yake kuna ukumbi wa jirani, na ukumbi ule unatokea Ndia Kuu.

"Mpakie tuktuk," nikamwambia Wanza, "umpeleke kwa binti yangu Makupa. Usimwache njiani hata kidogo."

"Na huyu mume hapo nje? Akingoja sana atavunja mlango."

"Hatangoja. Bayan, vua hilo buibui."

"Bibi, wafanya nini?"

"Tuko kimo kimoja. Vua."

Nililivaa buibui la shoga yangu. Kamba yake ilinikaa kichwani pale pale ilipomkaa yeye, na kafuri ikanijaa puani hadi machozi yakanitoka. Nilitia nikabu, nikatia glavu. Bayan nikamfunga leso yangu. Nilipojiona kwenye kioo cha Wanza mgongo ulinisisimka, maana aliyesimama mle hakuwa mimi. Alikuwa Raghad, siku za uzima wake, anataka kwenda msibani.

Nilikuwa na hesabu yangu. Nitoke na Ghassan kimya kimya, nimpitishe njia kubwa mpaka mbele ya Ngome ya Yesu, palipojaa watembeza wageni na wauza vinyago. Hapo penye macho mengi nijifunue, na Bayan awe ameshafika mbali.

Wanza akatoka mbele yangu. "Bibi kazidiwa, nimemlaza. Mke wako huyu, bwana. Kioko, hebu mfuate dada kwa mbali mpaka barabarani, watu wa leo hawaaminiki."

"Sawa, mama." Wanza akarudi ndani kwa Bayan.

Ghassan akanishika kiwiko, taratibu, kama mtu aliyebeba chai iliyojaa. Watu wakatupisha. Mmoja akanipa pole ya kufiwa, nikainamisha kichwa.

Tukatembea. Sikio langu moja lilikuwa kwake, jingine kwenye pikipiki ya Kioko iliyonguruma polepole nyuma yetu. Mbele nikaanza kuona ukuta mwekundu wa Ngome, na vijana waliovaa beji zao wakiwaita wageni. Bado kidogo tu.

Kiwiko kikavutwa. Tukaingia kushoto, kwenye kijia kilicho baina ya kuta za nyuma za nyumba, alipoegesha gari.

"Hapa panatosha, Bi Ummulkheir," Ghassan akasema.

Nikageuka kumtafuta Kioko.

"Mke wangu namjua mwendo. Wewe mguu wa kulia waburura." Akatoa simu. "Na mimi nimezaliwa mtaa huu, Bibi. Mlango wa nyuma ya kabati la Wanza, utotoni tulikuwa tukipita hapo kwenda kuiba kungu." Akaiweka simu sikioni. "Ziad? Bibi ninaye. Ndio. Wanatokea upande wa Ndia Kuu, yeye na yule fundi. Mtie garini, umpeleke pale tuliposema."

Ziad ni nduguye mdogo. Nikataka kukimbia. Alinishikilia kwa vidole viwili tu.

"Piga ukelele," akaninong'oneza. "Piga. Sema mwizi, watakuja mbio, hasira zao hazijapoa. Watanimaliza hapa hapa. Lakini nikilala chini, nani atakwambia Bayan amepelekwa wapi?"

Pikipiki ikaingia kijiani, ikasimama. Kioko.

"Dada, uko salama?"

Nilijifunua uso. Sikuwa nimefikiri, pumzi tu zilinikatika. Kioko aliruka kutoka kwenye pikipiki hadi ikaanguka.

"Mama? Ni wewe? Amekufanya nini?"

"Kioko, polepole, baba..."

"Amekufanya nini huyu!" Sauti yake ilishapanda, nami nikasikia pikipiki nyingine zikizimwa barabarani. Vichwa vikaanza kuchungulia. "Oya! Njooni! Huyu jamaa ametudanganya, amemteka mama!"

Ghassan hakukimbia. Simu yake ililia mkononi mwake, akaitazama, akaninyooshea mimi. "Pokea wewe."

Niliiweka sikioni na glavu ya marehemu mkononi. Upande wa pili gari lilikuwa likienda, na ndani yake Bayan akiniita, "Bibi! Bibi!"

Na mbele ya macho yangu Kioko akamshika Ghassan ukosi wa kanzu, nao wenziwe wakamfikia.